Njugu Nyekundu za Bibi

Harufu ya njugu mawe zinazochemka kwa chumvi hunirudisha kijijini Lusu, kwenye kihenge cha bibi mzaa baba. Humo zilichanganyika nyeupe, nyeusi, zenye madoa, na nyekundu, ambazo bibi alizipenda kuliko wajukuu zake. Hilo halikuwa siri.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, lori lilitukuta hatujamaliza kufunga mizigo. Mama alinitupia kibuyu.

"Chota mbegu, Mwajuma, upesi!"

Nilichota mara tatu bila kutazama, huku dereva akipiga honi. Nyingine zote tuliziacha.

Mavuno ya kwanza huko yalikuwa meupe karibu yote. Nyekundu hazikujaza kiganja. Mwaka uliofuata panya walikula sehemu ya mbegu, kisha maji yakazoa kona moja ya shamba, na nyekundu zikatoweka kabisa. Bibi akamgeukia mama.

"Ulichagua nyeupe wanazopenda kwenu, ukaziacha zangu zioze."

Mama hakunitaja, akaendelea kupepeta. Tangu hapo hawakula pamoja. Nami, mtoto wa miaka tisa, nilikosa hamu ya chakula, maana ukweli nilikuwa nao.

Asubuhi moja nikampigia bibi magoti. "Shikamoo, bibi. Aliyechota ni mimi. Sikuchagua."

"Hata hukuangalia?"

"Sikuangalia."

Kesho yake bibi alifunga safari ya siku mbili kwa miguu, kwenda kwa dada yake aliyehamishiwa kijiji kingine. Aliporudi alifungua kitambaa mbele ya mama: njugu nyekundu tupu.

"Mama Mwajuma, dada yangu naye aliondoka Lusu na kopo moja tu la mbegu, alizochota bila kuchagua. Kwake zilizopotea ni nyeupe. Nimekukosea."

Mama alimkaribisha chakula. Walikula sahani moja.

Nilipokuwa mwalimu ndipo nilipoelewa vizuri. Nyekundu hazikuwa dhaifu, wala udongo haukuzikataa. Mbegu zikiwa chache, bahati peke yake hutosha kuamua rangi ipi itaendelea na ipi itakwisha. Hayo nimewafundisha wanafunzi wengi wa Tabora, na sina shaka nayo.

Lililonichukua muda zaidi kulielewa ni la bibi: alitembea siku mbili kuutafuta ukweli, akijua kwamba huenda ungemuumbua yeye mwenyewe.