Mtoto wa Mapajani na Kanga Niliyoifua

Nianze na kosa langu, nisije nikaonekana mtu mwema bure. Kanga niliifua mie.

Binti yangu alipoondoka kumfuata mumewe Kanada na kuanza kazi ya uuguzi, mwanawe alikuwa na miezi minane, na karatasi za mtoto zilikuwa bado. Ubalozini wakamwambia miezi miwili tu zitatoka. Basi akafanya wanavyofanya wazazi wa kwetu: akavaa kanga moja siku tatu mfululizo, akalala nayo, akanyonyeshea nayo, na siku ya safari akaivua akanikabidhi pale nyumbani Temeke. "Mama, mlaze juu ya hii. Akisikia harufu yangu hatalia. Usiifue." Hiyo "usiifue" aliisema mara tatu. Mie niliyefundisha chekechea miaka ishirini na tisa, naambiwa jambo mara tatu!

Wiki ya pili nikaifua. Jamani, ilinuka! Maziwa yamechacha humo, mtoto kaicheulia, na mie uchafu hunipandisha hasira kuliko matusi. Nikaitia kwenye beseni na sabuni ya unga, nikaisugua, nikaianika. Jirani yangu, mama wa Kiarabu mwenye duka la vyombo, akaiona kambani akashika kifua.

"Shoga, si ile ya mzazi hiyo?"

"Ndiyo hiyo. Kwani ina nini?"

"Mzazi haachi ujusi, ile harufu yake ya uzazi, na wewe umeuosha kwa sabuni ya unga! Mtoto atamjuaje mama yake?"

Nikamwambia aende akauze sufuria zake.

Sasa miezi miwili ile ikawa kumi na tatu. Kanga nikaifanya yangu. Nilipikia nayo, nilimbebea mtoto mgongoni, nilijifunga nikienda sokoni, na kila baada ya siku mbili tatu beseni. Ikawa inanukia mafuta yangu ya nazi, vitunguu, na ile dawa ninayochulia goti. Mtoto naye akaizoea hivyo hivyo. Bila kushika pindo lake na kulibandika puani, halali. Usingizi wake ulikuwa pale, kwenye pindo na kwenye mgongo wangu.

Na kuna jingine, baya zaidi. Binti alipopiga simu ya video, mara nyingi nilimwambia mtoto kalala. Wakati mwingine kweli kalala. Wakati mwingine yuko chini ya meza anakula kiatu. Nilijiambia namwepusha na kilio, kwa kuwa kila akimwona mama yake kwenye simu alikuwa anasumbua jioni yote. Uongo. Ulikuwa wivu. Kale katoto kalikuwa kananifuata mpaka chooni, na mie sikutaka kugawana.

Karatasi zikatoka. Binti akasema, "Mama, mlete wewe." Bosi wake, mama mmoja anayesafiri sana, alimpa pointi zake za ndege, na kwa sababu ya goti langu la kushoto ambalo daktari alisema linyooshwe, zikanunua tiketi ya kule mbele, biznesi. Tiketi moja. Mtoto, kwa kuwa hajatimiza miaka miwili, anaandikiwa mapajani. Yaani mie nimelipiwa kitanda, yeye amelipiwa mapaja yangu.

Siku ya kuondoka jirani alinisindikiza mpaka mlangoni. "Kule mbele usibebe chakula, shoga, utatuaibisha. Wanakupa kila kitu." Nikaitikia sawa, na kwenye mkoba nina maandazi kumi na mbili na unga wa uji. Kisha akaishika ile kanga niliyojitanda, akanitazama tu. Asingesema neno ingeniuma kidogo, lakini alisema. "Akimkataa mama yake utafanyaje?"

Tangu hapo, njia nzima mpaka uwanjani, sikusikia ndani ya kichwa changu kitu kingine. Mtoto wangu amefanya kazi miezi kumi na tatu akimlilia mwanawe, mie namletea mwana asiyemjua.

Ndege ya kwanza, ya mpaka Uarabuni, ilikuwa fupi na mtoto alilala. Ya pili ndiyo ya saa kumi na nne, na yote mchana, kwa maana tulikuwa tunalifukuza jua. Pale mbele kiti si kiti, ni chumba. Kina mlango wake mdogo. Nikasimama nje nikapiga hodi. Mhudumu akacheka, akanionyesha ni changu. Upande wa pili wa njia alikaa kijana wa suti, na kumbe ni wa nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hivi hii mikanda inafungwaje?"

Wangu ulikuwa rahisi. Wa mtoto ni mkanda mdogo unaopitishwa ndani ya wangu, halafu unamzunguka yeye, tunakuwa tumefungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Mhudumu akaeleza kwamba wakati wa kupaa, wa kutua, na kila taa ya mkanda ikiwaka, mtoto lazima awe hapo. Muda mwingine nimshike nipendavyo. Alisema "umshike" kwa upole sana. Huyu hakuwa na mtoto, ilionekana.

Tulipokwisha kupaa nikamfungua. Nimewahi kukaa darasani na watoto sitini, wote wananiogopa, lakini huyu mmoja alinishinda pale pale. Aliona vitufe. Nina glasi ya juisi mkononi, kiti kikaanza kunilaza, taratiiibu, miguu inapanda, kichwa kinashuka. "Mama yangu weee!" Abiria wote wa mbele wakachungulia juu ya vijiukuta vyao. Juisi ikanimwagikia kifuani, na mtoto anapiga makofi. Kijana wa suti akaja akabonyeza pengine, kiti kikanisimamisha tena, kikaanza na kunikanda mgongo. Kukanda hakukuwa kubaya, nikamwambia hicho akiache.

Kikaja chakula. Wakatandika kitambaa cheupe, wakaweka vijiko vya kila aina. Mtoto akavuta kitambaa, nikakidaka. Akala mkate wangu, akala samaki wangu, akalamba siagi peke yake, kisha akalala chali kwenye mapaja yangu akidai uji. Mie nikafungua mkoba nikala andazi. Harufu ikatembea. Kijana wa suti akageuka, haya imemshika.

"Mama, yamebaki?"

Nikampa matatu, na mhudumu naye akaomba kuonja. Nilitamani jirani angekuwepo aone nani ametuaibisha.

Lakini aibu yenyewe ilikuwa njiani. Nilihitaji kwenda msalani. Mhudumu akanyoosha mikono amshike mtoto, na mtoto akapiga ukunga ambao nadhani rubani aliusikia. Kijana wa suti akajaribu. Akamchezea funguo, akamwimbia, akakunjakunja uso. Mtoto akamrukia usoni kwa kucha, akanikamata shingo kwa mikono miwili.

"Huyu hakuachii, mama," kijana akasema. "Haendi kwa mtu."

Alisema kwa mzaha tu, maskini. Haendi kwa mtu! Na mama yake sasa ni nani kwake, si mtu tu? Nikamfunga mgongoni kwa ile kanga, nikaenda naye. Choo cha ndege, hata cha mbele, ni kabati. Goti halikunjiki vizuri, mtoto yuko mgongoni anachezea maji ya bomba, nami nimeshika ukuta namwomba Mungu ndege isitikisike. Siwezi kusimulia zaidi, nina wajukuu wengine watakaosoma.

Niliporudi alikuwa kashalala mgongoni. Mhudumu akatandika kitanda changu, godoro, shuka, mto mkubwa. Nikamlaza mtoto katikati ili mie nijibane pembeni. Akatanua mikono na miguu, akakimaliza chote. Kila nikigusa ukingo anashtuka. Basi nikakaa pale mbele kwenye kigoda cha kuwekea miguu, nimekunja goti langu lililopewa kitanda na daktari, namtazama mtu wa mapajani anavyokoroma biznesi. Nilicheka peke yangu. Halafu nikalia kidogo, maana nilikuwa nahesabu saa.

Alipoamka zimebaki saa saba. Nikasema leo ndiyo leo, mwalimu ualimu wake haufi. Nikatoa simu, nikafungua picha ya mama yake, ile ya harusini kwa rafiki yake, anacheka.

"Huyu nani?"

"Simu," akasema.

"Eeh, ni simu. Lakini huyu aliyemo ndani. Huyu ni mama. Sema mama."

Akaitazama picha. Akanitazama mie. "Bibi."

Nikafungua nyingine. Simu. Nikafungua ya siku aliyozaliwa, mama yake amelowa jasho, amemkumbatia. Akaitelezesha kwa kidole, akapata picha ya sufuria la pilau, akafurahi sana. Saa moja nzima tulifanya hivyo. Nilimbembeleza, nilimkaripia, nilimhonga andazi. Mwisho niliishika simu nikamwambia binti yangu mle kwenye picha, kwa sauti, mpaka kijana wa suti akavua vile vya masikioni: "Nisamehe mwanangu, nimekuibia." Mtoto akachukua pindo la kanga, akaliweka puani, akalala tena.

Tukatua. Kwenye milango ya kutokea watu walikuwa wengi, na binti yangu alikuwa mbele ya wote, amevaa koti kubwa kama godoro. Mumewe alikuwa kazini. Alinikumbatia mie kwanza kwa mkono mmoja, upesi upesi, macho yako kwa mtoto. Akachuchumaa. Akanyoosha mikono. "Njoo, baba. Njoo kwa mama."

Mtoto akapiga ule ule ukunga wa ndani ya ndege. Akanipanda kifuani, akauficha uso shingoni kwangu, miguu inampiga teke mama yake. Binti akajaribu tena. Akatoa pipi, akatoa gari la kuchezea. Ukunga ukazidi. Watu wanatazama. Nikaona uso wa mwanangu unavyovunjika, kidogo kidogo, huku anajilazimisha kutabasamu.

"Ananiogopa, mama," akasema. "Hanijui kabisa."

Miaka hamsini na nane nimeishi, sijapata kujichukia kama dakika ile. Nilitaka kumwambia yote, ya beseni na ya simu. Mdomo ukafunguka. Badala yake mkono ndio uliofanya kazi: nikaivua ile kanga, nikamwambia, "Vua hilo godoro. Jitande."

Akavua koti, akajitanda. Mtoto akaona kanga imeondoka. Kilio kikapungua. Akanyoosha mkono kutafuta pindo, na pindo lilikuwa begani kwa mama yake. Akalivuta puani. Akavuta pumzi. Kisha paji la uso likaegemea pale begani, kisha shavu, kisha mwili mzima ukahama kutoka kwangu, mzito na moto, ukaenda kwake. Akatulia kwa kwikwi.

Binti yangu naye akazamisha pua kwenye kanga, akalia mpaka mabega yakacheza.

"Ameijua harufu yangu, mama! Baada ya muda wote huu! Kumbe kweli hukuifua."

Sikujua ni pindo ndilo lililomwendesha mtoto au ni damu. Nilijua tu kanga ile inanuka nani.

"Nani anafua kanga ya mzazi?" nikamjibu. "Kwani mie mjinga?"

Mikono yangu ikawa haina cha kushika, nikashika toroli.

Nilikaa kwao wiki sita. Wiki ya kwanza mtoto alikuja kwangu kila akiumia. Ya tatu alikuwa anakwenda kwa yeyote aliye karibu. Ya tano alidondoka kwenye ngazi mbele yangu, akanipita mbio kumfuata mama yake jikoni. Siku hiyo niliichukua kanga mgongoni mwa kiti nikainusa. Ilinuka losheni ya binti yangu na supu yao ya huko. Mie sikuwemo. Nikairudisha kitini ilipokuwa.

Uwanjani wakati wa kurudi, binti akanitilia kitu mfukoni. Fulana ndogo ya mtoto, yenye doa la uji. "Amelala nayo siku tatu," akasema. "Usiifue, mama."

Alisema mara moja tu.

Ndege ya kurudi kitanda kilikuwa changu chote. Nilinyoosha goti kama daktari alivyotaka, na kiti kikanikanda mgongo. Nyumbani jirani yangu alikuja kabla sijafungua begi, akauliza kama mtoto alikwenda kwa mama yake. Nikamwambia alikwenda. Akashukuru Mungu, akaanza kunisaidia kupanga nguo, na alipofika kwenye ile fulana akaigeuza akaliona doa.

"Hii niiweke kwenye beseni?"

Nikamnyang'anya.