Darasa Lililokosea Pamoja

Mwaka 2012 nilipelekwa Lodwar kufundisha elimu ya watu wazima, na wiki ya tatu tu bosi wangu akanirudishia barua niliyoiandika kwa Kiingereza. Nilikuwa nimeandika "advice" mahali pa "advise". Alizungushia kosa hilo kalamu nyekundu mara mbili, akaiweka barua mezani kwangu mbele ya wenzangu, kisha akaenda kunywa chai. Mimi ni mtu wa Taita na hasira zangu ziko karibu. Siku hiyo nilinyamaza kwa sababu bosi alikuwa na haki, jambo lililoniudhi zaidi.

Jioni nikanunua daftari na kuanza kuyakusanya maneno ya Kiingereza yanayokaribiana kwa sauti na kutofautiana kwa maana. "Lose" ni kupoteza, "loose" ni kulegea. "Quiet" ni kimya, "quite" ni kabisa. "Desert" ni jangwa, ambalo nililiona kila nilipofungua dirisha, na "dessert" ni kitu kitamu cha kuliwa baada ya chakula, ambacho sikukiona Lodwar nzima. Wanafunzi wangu wa pale walilipenda daftari hilo kuliko vitabu vya serikali. Walikuwa watu wa mifugo, na mzee mmoja alinieleza kwamba hata mbuzi pacha wana tofauti, ila mwenye haraka haioni. Nilijua ananisema mimi. Kila asubuhi alinisalimu "Ejok!" kwa sauti ya kuniamsha, na nilianza kuupenda mji ule, joto na vumbi lake vyote.

Mwaka uliofuata nikahamishiwa Kakuma. Mchana nilifundisha Kiingereza ndani ya kambi ya wakimbizi, kwenye kanisa la udongo lenye paa la bati, na wanafunzi wangu walikuwa wanawake kumi na wanne kutoka Sudan Kusini. Wengi walikuwa na biashara ndogo sokoni. Walikuja na watoto mgongoni, na kicheko chao nilikisikia kabla sijavuka uwanja. Sijawahi kufundisha darasa lililonifurahisha hivyo, wala lililonichosha hivyo.

Mkubwa wao alikuwa mama mwenye kibanda cha chai, kiongozi wa akina mama kanisani. Wote walimwita Haboba, yaani bibi kwa Kiarabu cha Juba. Alikaa benchi la mbele, peke yake, ingawa lilitosha watu wanne. Nami nimelelewa kumtanguliza mkubwa, kwa hiyo kila swali nililianzia kwake, kisha nikayazunguka mabenchi hadi nyuma. Karatasi zilikuwa haba, basi tulijibizana kwa mdomo.

Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. Siku nyingine darasa zima lilipatia, tangu Haboba mpaka wa mwisho. Siku nyingine darasa zima lilikosea, tena kosa lile lile. Maneno yaliyowashinda zaidi yalikuwa "accept" na "except". Nilieleza kwamba la kwanza ni kupokea na la pili ni isipokuwa. Nikatunga mfano: tunawapokea wageni wote, isipokuwa wezi. Wakacheka, wakarudia. Kesho yake Haboba akayageuza, na wenzake kumi na watatu wakayageuza pia, mmoja baada ya mwingine, wakiangalia sakafu. Nililaumu joto. Nikawalaumu wao. Haboba sikuthubutu kumsahihisha usoni, lakini siku moja niliwageukia wa nyuma, nikaipiga meza nikawauliza kama masikio waliyaacha nyumbani, na mtoto mmoja akaamka akalia.

Wakati huo kliniki moja ya wajawazito ilikuwa inatafuta mkalimani. Mmoja wa wanafunzi wangu, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, aliitaka kazi hiyo kwa moyo wote. Mumewe alikuwa amerudi Sudan Kusini kuangalia hali, na miezi ilipita bila habari. Alikuja kwangu mtoto akiwa kwapani, akasema kliniki inataka barua ya mwalimu wake kabla ya Ijumaa. "Madam, nisaidie. Nimechoka kukaa tu na kungoja." Nilimhurumia kweli. Lakini nilikuwa nimemsikia kwa masikio yangu akikosea mara tano, na kliniki si mahali pa kubahatisha. Nikaandika kwamba bado hajawa tayari, asubiri mwaka ujao. Jumatano nikaitia barua mkobani na kwenda kumpa.

Niliambiwa yuko kwa Haboba. Nilipokaribia kibanda nikamsikia kabla sijamwona. Alikuwa amekaa na wanawake wawili wa darasani, wana fomu ya kliniki mikononi, naye anawaeleza kwa Kiarabu, akirudi kwenye Kiingereza, akirudi kwenye Kiswahili. "Hii 'except' si ile ya kupokea. Hii inasema wote waje, isipokuwa wenye homa. Ile ya kupokea ni 'accept'." Alieleza vizuri kuliko mimi.

Mwenye busara angekohoa kwanza. Mimi nikasema kwa sauti ya darasani, "Kumbe unajua! Kwa nini basi kila siku unakosea pamoja na Haboba?"

Mtama ukawa umemwagika penye kuku wengi. Haboba alikuwa nyuma ya pazia akimimina chai. Akatoka na birika mkononi. Akaniangalia, akawaangalia wale watatu, nao wakainamisha vichwa. Ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa na habari. Miezi yote ile alidhani amepatia, kwa sababu wote walijibu kama yeye na lawama zangu ziliwaangukia wa nyuma. Wenzake hawakuweza kupita mbele ya mkubwa, na aliyemweka mkubwa mbele kila siku ni mimi. Niliona haya mpaka nikatamani ardhi inimeze.

Haboba akaweka birika chini. "Mwalimu, mimi nakosea?"

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Siku ngapi?"

"Nyingi."

Mabega yakaanza kumtikisika, na nilidhani analia. Alikuwa anacheka. "Malesh," alisema, yaani samahani, akipangusa macho. "Mimi nafunga njia ya watoto, na hakuna mtu nasema toka!"

Niliichana barua yangu pale pale. Yule mwanamke kijana akaniuliza kwa macho kama nitamwandikia nyingine. Nikamwambia ukweli: kwamba nimeona anajua, lakini mkalimani anayejua kisha akanyamaza hana faida. "Kesho darasani nitakuuliza mbele ya wote. Ukijibu, naandika." Alitikisa kichwa kukubali, lakini uso ulimshuka.

Kesho yake Haboba akakaa benchi la nyuma, wakambanabana huko. Nikauliza "accept" na "except". Wanawake wote wakageuza shingo nyuma kumtazama. Heshima haikujali benchi. Haboba akanung'unika, akajiinua, akatoka nje na kusimama mlangoni akitugeuzia mgongo. "Haya. Haboba hayuko."

Darasa likalipuka kwa kicheko. Yule mwanamke kijana akasimama, akajibu yote mawili bila kusita. Makofi yakapigwa, nami nikaona kazi imekwisha. Nilishika kalamu.

Lakini Haboba alirudi ndani, akapita mabenchi yote mpaka kwenye lile lake la mbele. "Sasa mimi. Lete mapya."

Nikampa "adopt" na "adapt", tuliyojifunza juzi. Akafikiri, akayageuza.

Nikamtazama yule mwanamke. Midomo yake ilishaanza kulifuata kosa lile. Haboba naye aliiona. Akamwinulia kidole.

"Mtoto wangu, mimi nakuja kliniki yako. Nasema kwa daktari pahali naumwa, wewe nageuza kwa Kiingereza. Kama mimi nakosea na wewe nakosea na mimi, hiyo dawa itakuwa ya nani?"

Yule mwanamke akamhamisha mtoto kutoka nyonga moja hadi nyingine. Aliniangalia, nami sikumsaidia. Akatoka benchi lake, akaenda kukaa kando ya Haboba, mahali ambapo sikuwahi kuona mtu amekaa.

"Umekosea, Haboba," alisema. "'Adopt' ni kumchukua mtoto akawa wako. 'Adapt' ni kuzoea mahali ulipofika."

"Sema tena," alisema Haboba. "Polepole."

Akasema tena, na Haboba akamfuata, neno kwa neno.