Picha za harusi zilizokataa kukutana: yaliyonipata kwenye montage hapa Baraka

Wakuu, habari za huko mliko.

Naandika kutoka Baraka, pembeni ya ziwa Tanganyika. Haya sikuhadithiwa. Niliyafanya kwa mikono yangu, na wenye harusi wako hai, wananicheka mpaka leo.

Kazi yangu ni montage ya video, yaani kuunganisha picha na video. Nina kistudio kinachopakana na saluni ya kusuka, sola juu ya bati, na laptop inayopata moto kama mbabula ya makala, lile jiko la mkaa.

Kipindi hicho vita vilikuwa bado vinachoma kule milimani. Barabara ya Fizi leo inafunguka, kesho inafungwa. Katikati ya hayo yote, kijana wa kijiji cha Lweba anaitwa Asukulu akaamua kumuoa Naomi, binti wa familia ya wafugaji iliyoshuka huku baada ya kijiji chao kuchomwa.

Mkiwa mbali hamuwezi kujua uzito wa jambo hilo: jamii zao mbili ndizo zilizokuwa zinapigana. Kila upande ulikuwa na makaburi yake na maneno yake. Wazazi walikubali, lakini shingo upande.

Naomi akaja studio. Alitaka kitu kifupi cha kuonyesha kwenye ukuta wa salle, yaani ukumbi wa sherehe: picha za familia yake zitoke kushoto, za kina Asukulu zitoke kulia, zivutane zenyewe mpaka zikutane. Zisisukumwe tu kama slaidi. Zionekane zinatafutana.

Kwa wasiojua: kwenye software ya motion graphics, ile ya kutembeza picha, kuna nguvu ya mvuto. Unachagua kitu kiwe kama sumaku, unapanga nguvu yake, vingine vinakifuata vyenyewe.

Inaonekana rahisi, wakuu. Si rahisi.

Mara ya kwanza picha zilikuja mbio, zikapitana, zikaanza kuzungukana kama nzi. Bibi yake Asukulu akatoka nje ya skrini, hakurudi. Naomi alicheka mpaka akakaa chini.

Nikaongeza drag, yaani breki. Zikatulia. Nikaona kazi imeisha, nikamwambia amlete baba yake aangalie.

Mzee aliangalia mpaka mwisho. Akaomba nirudishe mwanzo, akaangalia tena. Kisha akaniuliza taratibu:

"Mutoto wangu, mbona sisi njo tunakokotwa?"

Nikaangalia vizuri. Kweli kabisa, wao ndio waliokuwa wanakokotwa. Picha nyingi za kwao ziliungua pamoja na nyumba, walikuwa na chache tu zilizobaki kwenye simu za ndugu. Za kina Asukulu zilikuwa nyingi, na lile kundi kubwa ndilo nililolifanya sumaku. Kwa hiyo za kulia zilisimama palepale kama wenyeji, za kushoto zikaja kama ng'ombe kwenye kamba.

Mzee akasema kanisani atafika, atambariki mtoto wake. Lakini salle hataingia, kukaa chini ya ukuta unaoonyesha watu wake wanaburutwa. Hakupandisha sauti. Naomi aliinamia simu yake, nikaona machozi.

Nikaanza upya.

Safari hii kila kundi nikalifanya sumaku kwa mwenzake, nguvu sawasawa, bila kujali wingi wa picha. Tatizo jingine: zikagongana katikati, zikarudi nyuma kama zimegombana. Nikapunguza nguvu, nikapanga breki ikaze kadiri zinavyokaribiana. Nikafuta, nikajaribu, betri ikaisha, nikangoja jua, nikarudi tena.

Mwishowe zikaja polepole, zote zikitembea, zikasimama karibu karibu bila kufunikana.

Mzee aliporudi kuangalia, alisema tu kwamba hapo sawa, atakuja.

Siku ya harusi barabara ilikuwa wazi, tunamshukuru Mungu. Salle ilijaa, ila kila familia ilikaa upande wake, katikati wakaacha njia pana mno. Nikawasha projector.

Picha zilipokutana, shangazi yake Asukulu, mama mmoja aliyeuza ndagala, dagaa wa ziwani, miaka mingi, akasimama. Akanyoosha kidole kwenye picha ya bibi yake Naomi, ambaye ni marehemu.

"Simamisha hapo. Huyu mama mi namujua. Alikuwa anashuka na maziwa soko ya Fizi. Ye ananipa maziwa, mi namupa ndagala."

Nikasimamisha.

Mama akavuka ile njia ya katikati, akavuta kiti, akakaa na baba yake Naomi, akamuuliza yule rafiki yake alifariki lini na alizikwa wapi. Mzee akaanza kumweleza. Wengine wakasogeza viti wasikie. Keki ilichelewa sana siku ile, na hakuna aliyeniambia niendelee na video. Nami sikuiendeleza.

Nilichojifunza: ukiweka mvuto kati ya vitu viwili, angalia kwanza umemsimamisha nani na unamtembeza nani. Mtazamaji ataliona hata kama hajawahi kugusa kompyuta.

Sasa wataalamu wa hapa jukwaani, nyie mnafanyaje picha zisitetemeke zikishakaribiana? Zangu bado zinatetemeka kidogo. Na wewe uliyeoa au kuolewa upande wa pili, tuambie kwenu ilikuwaje. Nasoma zote.