Nje Hakuna Mwenyeji

Kota ya polisi mjini Bukoba ilijengwa kwa safu, familia mbili chini ya bati moja, na ukuta uliozitenganisha haukufika juu. Palibaki uwazi ambao sauti ilipita kama moshi. Niliolewa na koplo nikahamia pale katika miaka ya vijiji vya ujamaa, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, na mapema nilijifunza kuzungumza na mume wangu kwa sauti ya watu walio msibani. Upande wa pili aliishi sajini wake.

Sajini alikuwa Mhaya wa Rubafu, mcheshi, mwenye sauti nzuri kanisani, na kwa ujirani sikuwa na la kumlaumu. Lakini yeye na askari wake walipokwenda Ijumbi, wilayani Muleba, kusaka kahawa iliyosemekana kufichwa ili ivushwe kwa magendo, nao wasiikute, sajini alimpiga mzee mwenye kibanja kile cha migomba na kahawa kwa kirungu, mbele ya mke na wakwe zake, mpaka mkono ukavunjika. Mume wangu alikuwa amesimama pale pale. Mzee alilalamika mkoani, mkoa ambao wakati ule uliitwa Ziwa Magharibi, na mkoa ukalirudisha lalamiko katika kituo kile kile cha sajini ili kijichunguze chenyewe. Habari hizo tulipewa na sajini mwenyewe, akicheka upande wa pili wa ukuta.

"Jirani," alimwita mume wangu, "nimeletewa barua ya mapenzi kutoka Ijumbi."

Mume wangu alitaka kusema alichokiona. Hakutaka zaidi ya hapo, na hilo dogo halikuwa na mlango. Neno lolote la askari kwenda juu lilipaswa kupitia kwa mkuu wa kituo, na mkuu wa kituo alikuwa mlaji wa kila Jumapili mezani kwa sajini. Nyumba ilikuwa ya kazi. Kazi ikienda, nyumba nayo imekwenda, na sisi tulikuwa na mtoto mchanga. Hatukujadiliana lolote ndani, kwa sababu ndani hapakuwa petu. Tulitoka kama watu wanaokwenda kununua mafuta ya taa, tukazungumza njiani, tukanyamaza tulipolikaribia lango.

Hata hivyo walijua. Bombani, ambako wake wote wa askari tulichota maji, mazungumzo yalikoma nilipofika. Siku moja mke wa sajini alinitazama nikijaza ndoo, akasema kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko tusi, "Mwalimu, siku hizi mnakula bila chumvi? Hatuwasikii mkicheka." Wenzake waliinamisha nyuso. Nilijitwika maji yangu nikaondoka bila kumjibu, kwa kuwa jibu lolote ningelisikia tena jioni kwa sauti ya mumewe.

Mzee hakuacha kulalamika, na hatimaye akatumwa mkaguzi kutoka nje ya mkoa, mtu wa pwani, mwenye Kiswahili kilichonyooka na viatu vilivyong'aa. Niliona kama dirisha limefunguliwa. Halafu nikasikia anakolala: mkuu wa kituo alimpangia malazi kwa sajini, ambaye alikuwa na chumba cha ziada na mke aliyesifika kwa mapishi. Jioni mimi na mume wangu tuliketi tukimsikiliza mchunguzi akizisifu ndizi za mtuhumiwa.

Tangu hapo nimesoma mengi juu ya haki, na nimewasikia wasomi wakiijadili kana kwamba inakaa katika ibara na vifungu. Mimi naijua inakokaa. Inakaa pia katika swali la mchunguzi amelala kwa nani, amelishwa na nani, na shahidi ameketi kiti cha nani anapoulizwa. Jeshi linaloshindwa kumtafutia mchunguzi wake kitanda cha pembeni halijashindwa kwa uhaba wa vitanda. Limekwisha kuamua.

Mume wangu aliitwa kuhojiwa sebuleni kwa sajini. Nilikaa upande wetu na mtoto kifuani, nikisikia mpaka kiti kinavyolia. Kwanza kilipitishwa kikapu cha akamwani, kahawa ile ya kutafuna ambayo kwetu mgeni hupewa kabla ya neno lolote. Mkaguzi aliona ukarimu tu. Lakini kwetu, mtu aliyepokea kahawa ya nyumba hamsemi vibaya mwenye nyumba akiwa angali ndani mwake. Na anayeikataa ametangaza uadui, au amesema ina sumu. Sajini alilijua hilo vizuri sana.

"Chukua, koplo," alisema. "Au ya kwangu imeanza kuwa chungu?"

Mkaguzi akacheka. "Chukua, bwana, usimtie aibu mwenyeji wako."

Niliyajua macho ya mume wangu bila kuyaona. Yalikuwa yakitafuta pa kutokea.

"Afande," alisema mwishowe, "naomba nihojiwe nje."

"Nje kuna nini?"

"Nje hakuna mwenyeji."

Mkaguzi alimuuliza kama anajua anazungumza na nani. Mume wangu alijibu kwamba anajua, akarudia ombi lake kwa maneno yale yale. Sina hakika kama yule mtu wa pwani alielewa, au alichoka tu kubishana mbele ya sahani zisizoondolewa. Nilisikia viti vikisukumwa.

Walikwenda uwanja wa gwaride, manyunyu yakianguka, na kota nzima ikatoka vibarazani kuwatazama. Nilikuwa nimezoea kusikia kila kitu nisione kitu. Sasa niliona, nisisikie hata neno. Niliona mkaguzi akiandika, ameikinga karatasi kwa kofia. Kisha nikaona mume wangu akiinua mkono wa kulia juu ya kichwa, akaushusha kwa nguvu, akauinua tena. Alikuwa amesema.

Mkaguzi akaondoka, na jibu lisije. Tuliendelea kuishi ukuta kwa ukuta na mtu tuliyemtolea ushahidi, tukimsikia akikohoa, naye akitusikia. Mke wake hakunisemesha tena. Kisha asubuhi moja lori likaja, sajini na mkewe wakapakia vitanda na kuku, wakaenda. Mume wangu alimuuliza mkuu wa kituo amehukumiwa nini, akaambiwa kwamba hayo ni mambo ya ndani ya jeshi, na koplo anayependa kazi yake hayaulizi.

Tulikwenda Ijumbi Jumamosi iliyofuata, kwa sababu hakuna mwingine ambaye angekwenda. Mzee alitupokea kwa heshima, akanibarikia mtoto, kisha akamgeukia mume wangu.

"Wamemfunga?"

"Sijui, waitu," alijibu, kwa neno letu la heshima.

"Wamemfukuza?"

Mume wangu alisema kwamba amehamishwa, na kwamba hawakutuambia ni wapi. Mzee aliitazama njia iliyopita katikati ya migomba kuelekea barabarani.

"Basi anaweza kuwa Muleba hapa," alisema.

Hakuna kati yetu aliyeweza kumwambia kwamba sivyo. Alimwita mkewe, akamwagiza awaambie watoto wasiende kisimani peke yao.