Kigogo Niliyemfunza Kufunga Mwani

Nitajisifu kidogo hapa, na mkinicheka mna haki. Kikundi chetu cha wakulima wa mwani Kibuyuni kilinichagua mimi, niliyeishia darasa la saba, kumpokea afisa wa kuamua kama tutajengewa banda la kukaushia.

Asubuhi akaja binti mwembamba kwa bodaboda. "Shikamoo, mama." Kwetu anayetangulia kuamkia ndiye mdogo, basi nikaitika marahaba na kumpa kamba afunge miche. Kusema kweli hakunidanganya. Ni mimi sikumuuliza jina.

"Tunamngoja nani?" akauliza.

"Kigogo, mwanangu. Babu alisema neno hilo limetokana na gogo, mti mnene ulioanguka njiani. Hausukumiki, kila mtu auzunguke."

"Mbona basi linaanza na ki-, kama kitu kidogo?"

"Hapo sijui," nikakiri. "Labda waliompa jina walikuwa wanamcheka kisirisiri. Lakini ukimwona utamjua. Hafungi mwani, yule! Hebu kaza hicho kifundo, maji yatakifungua."

Akakaza. Gari la ofisi likafika, nikaweka leso sawa na, dafu mkononi, nikamkimbilia dereva, pande la mtu, nikidhani ndiye kigogo. Akanipita.

"Mheshimiwa," akamwambia binti, "mkutano uanze?"

Binti akasimama, mikono imejaa mchanga, akainua kamba yake watu waione. "Banda mtapata," akasema. "Na kazi hii nimefunzwa na mama huyu hapa."

Wenzangu wakaangua kicheko. Mimi nikasimama palepale na dafu langu, uso unaniwaka, kichwa juu.