Filimbi Ikalia Kabla ya Utepe

Mpaka leo mtu akiniambia mbio ni miguu tu, nachemka. Angekaa Eldoret miaka ile ya chama kimoja kwanza, halafu aje aniambie.

Mimi ni mzaliwa wa Moiben, mwenyeji wa huku huku Eldoret. Jirani yangu kwenye ploti, vile vyumba vya kupanga, alikuwa mtu wa kutoka ziwani, mgeni huku kwetu, mama wa watoto wawili, kibarua mwenzangu kwenye kiwanda cha nguo. Kibarua maana yake kila asubuhi unasimama getini, unaangaliwa, unachukuliwa au unarudishwa. Mwaka huo zikatangazwa mbio za barabarani za mji, na timu moja ya serikali ikasema itamwajiri mwanamke wa kwanza kufika: kazi ya kudumu, nyumba, na mazoezi juu yake. Basi mwenzangu akaanza kukimbia alfajiri kabla ya kwenda kusimama getini. Ploti nzima ikamcheka. "Mama mzima anafukuza nini?" Nikajiandikisha naye, ili asichekwe peke yake.

Tuliambiwa saa sita mchana. Saa sita! Mgeni wa heshima, mkubwa mmoja wa chama, alifika inakaribia saa kumi. Muda huo wote tumesimama mbele ya ofisi ya DC, mkuu wa wilaya, mahali mbio zingeanzia na kuishia, tumeshavua sweta, na kukaa chini ni marufuku. Mvua ikaja, ikatunyeshea, ikaenda zake. Alipofika, kwanza kwaya, kisha hotuba. Akatuhutubia kuhusu mmomonyoko wa udongo, jameni! Watu miguu imeganda, tunaambiwa tuchimbe mitaro. Na tukapiga makofi, maana vijana wa chama walikuwa wanaangalia ni mikono ya nani haisogei.

Ndipo tukaachiliwa. Mimi sikufika mbali. Kule njia ya Kapseret mshipa wa paja ulinibana, nikapandishwa kwenye pikapu ya kuokota walioshindwa. Hapo ndipo nilipowaona wanaume, wale wakali wenyewe waliozoea kushindana Ulaya, wakirudi mjini. Sijawahi kuona kitu kama kile. Hawahemi, hawageuki, miguu inagusa lami na kuiacha. Hata dereva wetu, mtu wa matusi, alipunguza mwendo awatazame. Nilifurahi kidogo, kisha nikakumbuka kwamba hata hao walisimamishwa mvuani wakisubiri mtu mmoja amalize chakula chake, nikakasirika upya.

Pikapu ikatushusha karibu na utepe, nikajisukuma mpaka mbele. Wanaume wakaingia. Baadaye, huyo, mwenzangu! Mbele ya wanawake wote, peku, namba ameishona kifuani kwa uzi wa kiwandani. Nyuma yake, mbali kidogo, binti wa jamaa mwenye cheo katika chama pale wilayani. Nikapiga kelele mpaka koo likauma. "Kuja, dada! Kuja!"

Hapo filimbi ikalia. Saa kumi na mbili, bendera inashushwa.

Kwa asiyeijua enzi hiyo: filimbi ya bendera ikilia ofisini kwa DC, asubuhi au jioni, kila mtu alisimama pale alipo, wima, mikono ubavuni, hata magari, mpaka ilie tena. Niliwahi kuona mzee akizabwa kofi na askari kwa kujikuna.

Mwenzangu akasimama. Utepe uko pale, ungetema mate ungeufikia. Kifua kinapanda, kinashuka, macho mbele. Na sisi sote wima, hakuna wa kufungua mdomo. Yule binti yeye akaendelea kukimbia! Akampita, akaukata utepe, mbele ya polisi waliokaza shingo wakitazama mlingoti. Filimbi ya pili ilipolia alikuwa ameshafunikwa blanketi.

Nikawarukia maofisa wa mbio. "Huyo amekimbia bendera ikishuka, mmeona wote!"

Mmoja akaniangalia juu chini. "Mama, mbio ni mbio. Nani alimwambia asimame?"

Nani! Angepita mwenzangu angelala seli, na ofisa huyo huyo angekuwa shahidi. Nikamwambia hivyo usoni. Kijana wa chama akanishika mkono, akauminya, akaniuliza kama nina kadi ya chama.

Kazi akapewa yule binti, ambaye kwao hawakujua njaa inafananaje. Halafu mgeni wa heshima akachukua maikrofoni, akamwita mwenzangu mbele. Akasema tazameni raia mwema, aliyeiheshimu bendera, mpigieni makofi. Tukapiga. Mwenyewe akapiga pia, vidole vya miguu vinatoka damu, akasema, "Asante, mzee."

Hiyo asante ndiyo iliyonimaliza. Njia nzima ya kurudi nilikuwa natukana, serikali na chama na kwaya yao, na mwishowe nikamgeukia yeye. "Na wewe nawe! Si ungeruka tu? Hatua chache!"

Akanishika mkono ninyamaze, akatazama kama kuna mtu nyuma yetu.

"Dada," akasema, "yule binti watasema hakusikia filimbi. Mimi ningeambiwa nirudi kwetu ziwani. Na watoto wangu, kwao ni hapa."