Mtoto Niliyempeleka Kwenye Mizani

Juzi msichana wa afya alipiga hodi kwangu hapa Sironga, simu mkononi, akauliza kama nyumba hii ina mtoto wa chini ya miaka mitano. Nikamwonyesha mjukuu wangu. Akampima mkono kwa utepe, akaandika kwenye simu, akakataa chai kwa kuwa alikuwa na nyumba nyingi za kuzungukia. Alipoondoka nilibaki nimekaa pale pale. Sikuwa na huzuni, nisikudanganye. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi.

Wakati wetu kule Gesima, mwishoni mwa miaka ya sabini, tulikuwa na mama mizani. Alikuwa mke wa mtu wa ng'ambo ya mto, ana watoto wake na shamba lake. Misheni ilimfundisha majuma machache, ikampa mizani ya kuning'iniza, suruali ya turubai ya kutilia watoto, na rundo la kadi. Mshahara hakuwa nao. Kila mwezi aliitundika mizani kwenye boriti ya banda la chai, pale pale tulipopimiwa majani, na watu hawakukosa la kusema. Wengine walidai serikali inawahesabu watoto ili baadaye iwatoze kodi. Wengine walisema sasa kiwanda kinanunua na watoto, mradi wasiletwe wenye umande, kama majani yanayokataliwa. Yeye alicheka nao na kuendelea kufunga kamba zake.

Mimi nilikuwa na miaka tisa, na kazi yangu ilikuwa kulea ndugu yangu mdogo. Kwetu kila mtoto mchanga alikuwa na msichana wake wa kumbeba. Nilimbeba nikiteka maji, nikichuma mboga za chinsaga nyuma ya nyumba, nikipepeta wimbi. Mama alitoka na kikapu cha chai kabla ukungu haujainuka, na boma lilibaki na harufu ya moshi na ndizi mbichi zinazochemka. Ndugu yangu alikuwa mweupe, na taabu ilianzia hapo.

Nyanya, mama yake baba, aliogopa ebibiriria. Ni jicho la mtu ambalo likimwangukia mtoto, hasa mweupe, takataka ndogo ndogo hunata kwenye ngozi yake na kupenya ndani. Dawa yake ilikuwa kumkanda kwa samli. Sasa fikiria mwanamke ambaye kazi yake ni kumvua mtoto nguo na kumtundika mbele ya kijiji kizima.

"Mtoto si mahindi," nyanya alisema. "Haanikwi watu wakitazama."

Lakini naibu wa chifu alitaka kila boma lenye mtoto liwe na kadi. Msimu huo mama mdogo alikuwa amekuja kutoka Nyamache kutusaidia kuchuma chai, na mtoto wake alikuwa wa umri ule ule, mweusi, mnene, mapaja yamekunjana. Nyanya akakata shauri: nimpeleke huyo, kwa jina la ndugu yangu. Mama hakusema ndiyo wala la. Mbele ya mama mkwe angesema nini?

Basi nikampeleka. Miezi mitano nilipanga foleni na mtoto wa mama mdogo mgongoni, na mama mizani akasoma mshale na kutia nukta kwenye kadi. Kila nukta ilikaa juu ya mwenzake. "Unalea vizuri," aliniambia mara moja, na mimi, usicheke, nilifurahi.

Nyumbani ndugu yangu alikuwa ameachishwa ziwa mapema kwa sababu mama alikuwa na mimba nyingine. Alikunywa uji mwepesi na chai ya rangi. Nywele zikawa nyekundu, miguu ikavimba, ukiibonyeza shimo linabaki. Nyanya akaona ni jicho tu, akazidisha samli. Mara mbili mama mizani alipita bomani akaomba kumwona mtoto. Nikasema amelala, kama nilivyofundishwa. Akatazama kadi, akaridhika, akaenda kwenye nyumba ambazo kadi zao zilikuwa mbaya.

Ndugu yangu alikufa asubuhi moja mgongoni mwangu nikichambua chinsaga. Nilijua kwa sababu aliacha kunivuta nywele. Nilimaliza kwanza mboga zilizobaki kwenye ungo, kisha nikamwita nyanya.

Watoto wadogo walizikwa upesi. Mama mizani alipofika alikuta udongo mbichi. Mama akamweleza habari za miguu na nywele, naye akatambua, kwa maana ugonjwa huo wa njaa ndio hasa aliofundishwa kuutafuta. Akaomba kadi. Aliitazama muda mrefu.

"Mizani imenidanganya," akasema. "Na wale wengine niliowaambia ni wazima, je?"

Mama mdogo alikuwa ndani na mtoto wake, mlango umefungwa. Nyanya alikuwa amekaa mbele ya mlango huo. Mama mizani akanigeukia.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyekuwa ukimleta. Alikuwa mzito mgongoni?"

"Alikuwa mzito," nikasema.

Aliirudisha mizani misheni. Wakaijaribu, wakaiona nzima, wakamwambia basi kosa ni la macho yake. Maneno hayo yalivuka mto kabla yake, na yalipofika kwetu yalikuwa yameshageuka: macho yake ndiyo yaliyomla mtoto. Hakuna aliyempelekea mwana tena. Mwaka uliofuata watoto wengine wawili wa kilima chetu walivimba miguu, na hapakuwa na mtu wa kuwapima.

Banda la chai lilibomolewa zamani. Nyanya amekwenda, mama amekwenda, na chinsaga sasa tunainunua sokoni kwa mafungu. Mtoto wa mama mdogo ni mzee mwenye kitambi.

Mama mizani nilikutana naye mara moja tu nikiwa mtu mzima, sokoni, mwanangu wa kwanza mgongoni. Nilimsalimu, akaitikia vizuri. Kisha akamwona mtoto, akajifunika uso upesi kwa khanga.

"Simtazami, mama," akasema. "Usiogope."

Ningeweza kumwambia pale pale. Nililipia ndizi zangu, nikaenda nyumbani.